Baridi ya Chumba cha Baba Mkwe

Novemba 10

Baba mkwe amefika jana na basi kutoka Kishapu, akiwa na wifi yangu Nyamizi, begi moja, kigoda cha miguu mitatu na kengele ya ng'ombe. Kengele ameifunga kitambaa isilie njiani. Nilimuuliza Nyamizi ni ya nini. Akasema, "Ni ya ng'ombe wake wa kwanza kumnunua. Popote baba anapolala lazima ajue ilipo."

Atakaa nasi hapa Nyahanga mpaka mvua ziishe. Kifua chake kiliharibika zamani kwa vumbi la karasha. Ujanani, kabla hajarudi kwenye pamba na ng'ombe zake, alikuwa anasaga mawe ya dhahabu kwa mashine hiyo. Daktari amepima makohozi, si kifua kikuu. Alisema tu mzee akae mahali pasipo na vumbi wala joto kali. Mume wangu Meshack aliposikia neno joto hakungoja mengine.

Ninaandika kwa sababu nyumba hii sasa itakuwa na watu wawili wasioruhusiwa kuangaliana usoni. Meshack anaendesha malori ya mgodini upande wa Segese, analala kambini na kuja nyumbani kwa zamu. Binti yetu Jenifa yuko chuo Dodoma. Nyamizi anarudi kesho kulima. Nitabaki mimi na Mzee Mageni, na mkwe wa Kisukuma haingiliwi chumbani. Mimi ni Msumbwa wa Ushirombo, na kwetu pia tunawaheshimu wakwe, lakini hawa wamezidisha. Akitaka kutoka anakohoa kwanza, ili nipate nafasi ya kujitenga jikoni. Sasa mtu mwenye ugonjwa wa kifua, nitajuaje kikohozi kipi ni cha heshima na kipi ni cha ugonjwa?

Novemba 13

Fundi Gregory amefunga kiyoyozi leo. Alileta kidogo, Meshack akakikataa mlangoni.

"Baba yangu hawekewi kadogo."

"Kaka, chumba chenyewe kinatosha kitanda na kabati. Hicho unachotaka ni cha ukumbini."

"Gregory, nimekuita kufunga au kuhubiri?"

Likaja dude refu, likachukua karibu ukuta wote juu ya dirisha. Lilipowashwa, chumba kilipoa kabla Gregory hajakunja ngazi yake. Meshack alisimama katikati akitabasamu, mkono mmoja juu kuusikilizia upepo. Baba alikuwa mlangoni. Alisema, "Wabeja, mwanangu," yaani asante kwa Kisukuma, kisha akavaa koti.

Suala la mlango lilikuwa wazo langu. Ukifungwa, akizidiwa sitamsikia, na kuingia siwezi. Kwa hiyo mlango unakaa wazi, pazia zito linaning'inia, nami nakaa na shughuli zangu sebuleni. Meshack alinisifu kwa akili, nami nikafurahi.

Novemba 17

Mvua. Nimepika ugali na mlenda. Nimemwekea mezani sebuleni, nikarudi jikoni. Amemaliza.

Novemba 22

Mvua ya nguvu, na baada yake joto la kunata mwilini. Biashara yangu ni mchele, na huu ndio msimu wa kuwa macho. Stoo yangu iko nyuma ya nyumba. Magunia nayaweka juu ya mbao, mbali kidogo na ukuta, na kila jua linapotoka nafungua madirisha.

Leo nilikuwa nagombana kwa simu na mteja wa Segese aliyetaka mchele wa daraja la kwanza kwa bei ya chenga. Nilimwambia akanunue pumba, angalau kuku wake watashukuru. Nikasikia pazia linacheka. Sikujua kama mzee huyu anacheka. Nilijifanya sijasikia.

Desemba 1

Kila asubuhi Baba anatoka na shati la kijivu lililokamuliwa, analitundika mwenyewe kwenye kamba uani. Nguo zake nyingine ananiachia kwenye beseni mlangoni. Hilo shati hanipi. Kitanda anatandika mwenyewe, chumba anafagia mwenyewe. Nikiuliza, anasema, "Usijisumbue, mama Jenifa. Mimi si mgonjwa wa kulala."

Desemba 4

Shati lilelile, limelowa tena.

Desemba 6

Jirani yangu Asteria ana kiyoyozi kidogo, kikuukuu. Bomba lake linadondosha maji mchana kutwa ukutani, na amepanda mchicha chini yake. Leo nilimtania: "Dada, chako kinalia machozi. Chetu kikavu kabisa, huoni hata tone." Akasema, "Chenu ni cha matajiri, kitalilia nini?" Tulicheka sana. Nimeangalia tena bomba letu. Kweli, vitone vichache tu, kisha kimya.

Desemba 9

Shati limelowa. Nimeanza kuelewa: Baba anatokwa na jasho usiku, anaona aibu kunipa nguo ya jasho. Ndiyo maana analificha. Nilipofikiri hivyo nilimwonea huruma kwa mara ya kwanza tangu aje. Kabla ya hapo nilikuwa namvumilia tu, niseme ukweli.

Desemba 14

Meshack amekuja mapumziko. Nilimwambia habari ya shati. Aliingia kwa baba yake, akatoka na jibu: "Kumbe niliweka ishirini na mbili. Nimeshusha mpaka kumi na sita. Sasa atalala."

"Yeye amesemaje?"

"Amesema asante."

Desemba 25

Misa asubuhi, mimi na Asteria. Baba ni mtu wa imani za wazee wake, lakini alivaa vizuri akakaa barazani kwenye kigoda kupokea salamu za watu. Nilimpikia kuku na michembe, viazi vitamu vya kukaushwa. Nilipopiga magoti kumwamkia alijibu akiangalia paa la jirani, kama ipasavyo, kisha akasema, "Michembe hii umechemsha kama marehemu mama yake Meshack." Nilikwenda jikoni nikatulia kidogo kabla ya kuendelea na kazi.

Anakohoa zaidi kuliko alivyokuja.

Januari 3

Shati. Kikohozi. Mvua.

Januari 8

Paa la stoo linavuja upande wa mashariki. Meshack amehamisha magunia matatu, akayaweka chumbani kwa baba yake, nyuma ya mlango. "Kuna baridi kule," alisema, "mchele utakaa kama kwenye friji." Nilikubali. Mfanyabiashara wa mchele mzima, nikakubali.

Januari 15

Nitaandika jambo la aibu. Nikikaa karibu na pazia nasikia harufu fulani, ya kitu kilichofungiwa muda mrefu. Nikasema moyoni, ni harufu ya uzee. Leo nimenunua marashi ya kupuliza ndani ya nyumba, nikapulizia pazia. Baba alikohoa mpaka nikaogopa. Nilisimama upande wa huku, chupa mkononi, nikisema, "Pole, Baba. Pole." Alipopata sauti alisema, "Yananukia vizuri, mayu." Ameniita mayu, mama kwa Kisukuma. Chupa nimeitupa.

Januari 21

Asteria aliniambia watu wanasema sauti ya mzee imekuwa nyembamba. Nilimuuliza watu gani. Akasema, watu. Sikulala vizuri.

Januari 27

Upepo wa jana umeangusha nguzo za umeme. Nyahanga yote giza. Baba amefungua madirisha yake mwenyewe, nimesikia komeo.

Januari 29

Bado hakuna umeme. Baba ameshinda barazani kwenye kigoda, mimi nachambua mchele upande wa pili, kila mmoja akiangalia barabara. Alinieleza jinsi alivyomnunua yule ng'ombe: alitoka machimboni na pesa zake zote, wenzake wakanunua redio na viatu, yeye akanunua mtamba, akatembea naye mpaka Kishapu akiisikiliza kengele njia nzima, maana aliogopa kugeuka akakuta ameota. Aliongea muda mrefu bila kukohoa. Hilo nimelitambua sasa hivi ninapoliandika.

Kwenye kamba leo hakuna shati.

Januari 30

Umeme umerudi jioni. Mtaa mzima ulipiga vigelegele. Baba alichukua kigoda chake akarudi ndani kama mtu anayerudi zamu.

Februari 2

Shati limelowa.

Februari 7

Nyamizi amepiga simu. "Wifi, nimeongea na baba. Huko anakula?" Nilimwambia anakula kuliko mimi. "Mbona anapumua kama anapanda mlima?" Nikamwambia aje ampikie yeye. Nikakata simu. Baadaye nilimpigia nikaomba radhi, naye akaomba, tukalia wote wawili kwa hasara ya vocha. Akasema ndugu kule wameanza kuuliza kama mkwe wa Kisumbwa anamtunza mzee au anamngoja afe. Yeye haamini. Lakini wanauliza.

Najua nimefanya kila kitu. Nimemlisha, nimemsikiliza, nimemtafutia baridi. Sasa nimebakiza nini?

Februari 11

Shati.

Februari 16

Shati. Tulikwenda hospitali, dawa zimebadilishwa. Aliulizwa kama nyumbani kuna moshi au vumbi. Akasema, "Hakuna. Kwa mwanangu ni pazuri sana."

Februari 19

Asubuhi mteja alikuja kuchukua mchele. Uliokuwa stoo haukutosha, nikamwomba Baba kupitia pazia anisogezee gunia moja mlangoni. Nilimsikia anavuta, anapumzika, anavuta. Gunia likatokeza chini ya pazia. Nilifungua mdomo wake mbele ya mteja na ile harufu ikanipiga usoni. Ile niliyoiita ya uzee.

Niliingiza mkono. Mabonge. Upande uliokuwa ukutani ulikuwa umeota ukungu wa kijani. Mteja aliondoka bila kuaga, na sikumlaumu.

Nimeuza mchele tangu Jenifa ananyonya. Naujua mchele ulionyeshewa, naujua uliofungwa kabla haujakauka, naujua uliolazwa sakafuni. Huu haukunyeshewa. Huu ulikunywa maji ya hewani, polepole, kwenye chumba nilichodhani ndicho kikavu kuliko vyote. Niligeuka nikatazama uani. Shati la kijivu lilikuwa kwenye kamba, linadondosha.

"Baba," nilisema. "Ukuta wako ukoje?"

"Ukuta ni mzima, mama Jenifa."

"Nauliza kama una maji."

Mashine ikawaka, ikavuma kidogo, ikazima.

"Unatoka jasho," alisema. "Si sana. Mimi naufuta."

"Unaufutia nini?"

Nilitazama tena lile shati kwenye kamba. Sikuhitaji ajibu. Siku zote hizo nilikuwa namwambia mume wangu kwamba mzee anatokwa na jasho, aongeze baridi. Jasho lilikuwa la ukuta. Na kila tulivyoongeza baridi, ukuta ulilowa zaidi, na yeye akafuta zaidi.

Nilipandwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani. "Kwa nini hukusema?"

"Mtoto amejinyima akaninunulia kitu kikubwa. Niseme kinanilowesha?" Alipumua kwanza. "Na ningesema, ungetaka kuja kuangalia."

"Naomba niingie niangalie."

"Yaya, mayu. Hapana. Usiingie. Meshack akija ataangalia."

Nilimwomba basi ahamie sebuleni. Akasema mkwe hawezi kulala mahali mwanamke wa mwanawe anapopita. Nilikwenda koridoni nikazima umeme wa ile mashine kwenye swichi yake kubwa. Nilimpigia Meshack, nikamwambia baba yako anaishi ndani ya kisima. Amesema atakuja Jumamosi, zamu haina wa kumbadilisha. Jumamosi. Kana kwamba kifua kinafuata kalenda ya mgodi.

Februari 20, jioni, hospitali

Asteria ameniletea daftari hili na kanga ya kujifunika. Nataka kuandika.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Hakuwa amekula. Nilikuwa sebuleni, nimekaa tu, masikio yote kwenye pazia. Kigoda kikaanguka.

"Baba?"

Kimya.

"Baba, kohoa nikusikie."

Miezi yote hiyo nilikichukia kikohozi kile. Nilingoja kidogo, nikiomba kukisikia, chochote, hata cha heshima. Hakikuja. Nilivua kandambili mlangoni, sijui kwa nini, nikafungua pazia nikaingia.

Chumba kilikuwa kisafi. Hicho ndicho kilichoniumiza kwanza. Blanketi limekunjwa, kengele iko dirishani juu ya kitambaa chake, sakafu imefagiwa. Kitanda hakikuwa ukutani tulipokiweka. Alikuwa amekivuta mpaka katikati ya chumba, peke yake, na kifua kile. Ukutani kilipokuwa kitanda kulikuwa na kalenda yetu ya parokia, ya mwaka jana, niliyoitupa kwenye takataka. Pembe zake zilikuwa zimekunjamana, na weusi ulikuwa umetoka nyuma yake pande zote, kama tako la sufuria ya kuni. Aliitundika kuficha. Meshack alipoingia kumsalimia alikuwa anaona kalenda.

Baba alikuwa amekaa chini kati ya kitanda na kabati, midomo imebadilika rangi, anavuta hewa haiji. Macho yalikuwa wazi. Aliponiona alinyoosha mkono, nikadhani anaomba msaada. Alikuwa anavuta blanketi afunike miguu yake nisiione.

Nilisema, "Baba, leo nisamehe," nikapitisha mikono chini ya kwapa zake nikamwinua. Ni mwepesi kuliko gunia la mchele. Mikono yake ilikuwa imelowa na baridi, sijawahi kushika mkono wa mtu hai wenye baridi vile. Nilimkokota mpaka barazani huku nikimwita Asteria. Alikuja na bajaji ya kijana wa jirani, tukampakia, kichwa chake begani kwangu. Njiani alikuwa ameyafumba macho kwa nguvu. Asteria alidhani ni maumivu. Mimi nilijua ni aibu, nami nikageuza uso wangu nje ili nimpunguzie.

Amewekewa oksijeni. Wanasema tumewahi.

Februari 21

Daktari ameniuliza tena habari za nyumbani. Safari hii nilijibu mimi, kila kitu, na shati, na kalenda. Alisema kifua cha zamani kikikutana na ukungu kinafunga. Baba alinisikia nikieleza. Hakugeuka.

Februari 22

Meshack amefika moja kwa moja kutoka kambini, na buti zake. Tulikwenda nyumbani pamoja kuchukua nguo za Baba. Aliitoa kalenda ukutani akasimama mbele ya ule weusi. Njia nzima nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia kuhusu mapenzi ya kupima kwa ukubwa wa boksi. Kisha alikaa kwenye kile kitanda cha katikati akalia kama mtoto, kofia ya mgodini bado kichwani.

"Nilitaka apumzike tu," alisema.

"Mlango nilisema mimi," nilimwambia. "Na jasho nilisema mimi." Nikakaa pembeni yake. Godoro lilikuwa na unyevu.

Machi 5

Jumatano ya Majivu. Nimetoka kanisani na majivu usoni nikamkuta fundi Gregory ananingoja. Meshack amekwisha kumwomba radhi kwa simu.

Ushauri wake wa kwanza ulikuwa kupaka rangi juu ya ukungu. Nilimwambia mchele uliovunda haupakwi rangi. Akacheka, akakubali, tukaanza kulifikiria jambo wote wawili, yeye kwa mashine na mimi kwa magunia. Kumbe kiyoyozi kinaondoa maji kwenye hewa pale tu kinapofanya kazi kwa muda. Chetu, kwa ukubwa wake, kilikuwa kinapoza chumba mara moja na kuzima kabla hakijayakusanya maji, na hayo machache yaliyokusanyika yanarudi hewani. Na kwa mlango wangu wa pazia, hewa nzito ya nyumba nzima, mvuke wa jikoni na mvua ya nje, ilikuwa inaingia mchana na usiku na kukuta ukuta wa baridi. Mimi ninayejua kwamba soda iliyotoka kwenye friji inalowa nje, sikuwahi kujiuliza.

Vijana wake wamekwangua plasta mpaka chini, wameosha kwa dawa, madirisha wazi. Itakaushwa kwa jua kwanza, ndipo ipakwe. Dude linahamia sebuleni.

Machi 12

Kiyoyozi kile kidogo kimefungwa. Gregory amekiweka kwenye alama ya tone la maji, ambayo ni ya kukausha hewa, na nyuzi ishirini na sita, si chini. Mlango na madirisha vimefungwa. Nilitoka nje nikaweka ndoo chini ya bomba. Tone, tone, tone, bila kupumzika. Jioni nilimpelekea Asteria ile ndoo amwagilie mchicha wake. Aliniangalia. "Leo nacho kimelia?" Nilimwambia anyamaze.

Kitanda nimekiweka mbali kidogo na ukuta, kama magunia. Nilitandika mwenyewe, chumba kikiwa kitupu.

Machi 14

Baba amerudi. Amedhoofu, lakini anapumua. Sebuleni tulikuwa watatu, Meshack katikati, na Baba akiongea na mimi kupitia yeye, kama desturi inavyotaka kwenye jambo zito. Nilidhani atasema apelekwe Kishapu. Baada ya mimi kumwona vile, nilijua ana haki ya kusema hivyo.

Nilimwambia Meshack amwambie Baba kwamba mlango sasa lazima ufungwe, na ukifungwa sitamsikia.

Baba alifikiri. Kisha alimwambia Meshack, "Kuna kengele."

"Kengele gani, Baba?"

"Ya ng'ombe. Tuifunge kitandani. Kwetu kengele ikilia porini, aliye karibu ndiye anayekwenda. Haulizwi ni mkwe wa nani." Akaangalia mikono yake. "Mwambie mama Jenifa, ikilia aingie."

Meshack akageuka kuniambia. Nilikuwa nimekwisha kukimbilia jikoni.

Machi 17

Haijalia. Bomba linadondosha.

Machi 20

Mvua kubwa. Haijalia.

Machi 24

Kengele ililia saa ya chakula. Niliacha maharage motoni nikakimbia, nikafungua mlango bila kubisha. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda, mzima kabisa.

"Nilitaka kujua kama unasikia," alisema.

Maharage yameungua. Sikukasirika, na hilo kwangu si la kawaida. Nilipotaka kutoka akasema, "Shika ukuta." Niliweka kiganja. Ulikuwa mkavu kama ukuta wowote wa nyumba ya watu. Akasema, "Mimi naushika kila nikiamka. Mazoea." Tulibaki hivyo kidogo, kila mmoja akiangalia ukuta.

Aprili 2

Mvua. Anakula. Shati la kijivu amenipa nifue pamoja na nyingine.

Aprili 9

Nimesikia akiongea na Nyamizi kwa simu, mlango ukiwa umefungwa, sauti ikapenya. "Waambie wanaouliza," alisema. "Waambie mimi niko kwa mama."

Aprili 22

Mvua zimekatika tangu kabla ya Pasaka, na leo Baba ameondoka. Nyamizi alikuja kumchukua pamoja na wazee wawili wa ukoo, wale waliokuwa wanauliza. Walikaa barazani, wakanywa soda, wakaonyeshwa chumba, mmoja akakigusa kiyoyozi kidogo kwa heshima. Begi lilitolewa, kigoda kikatolewa. Kengele nilikuwa nimeifunga kitambaa chake tayari.

"Hiyo iache," Baba alimwambia Nyamizi. "Mvua zijazo nitaikuta humu."

Nyamizi aliniangalia, mimi nikaangalia chini.

Wakati wa kuaga nilipiga magoti mbali kidogo, kama ipasavyo, nikamwamkia, nikangoja ajibu akiangalia kwingine. Wazee walikuwa wamesimama, Meshack akiwa ameshika mlango wa gari. Baba alijibu marahaba. Kisha akanisogelea mbele yao wote, akaniangalia usoni, akanyoosha mkono.

Mmoja wa wazee aliguna. Meshack aliuachia mlango. Mimi nikaupokea kwa mikono miwili.

"Wabeja, mayu," alisema.

Mkono wake ulikuwa mkavu, na ulikuwa na joto.